Upepo wa Ukambani

Msafiri atokaye Kitui kwenda Kibwezi mwezi wa Septemba, avukapo nyanda za Yatta na mto Athi, hulakiwa na upepo mkali wa kusi. Ndio ule uliopeleka majahazi Arabuni, lakini huku hufika mkavu. Hauna theluji kama pepo za Ulaya. Hubeba vumbi jekundu, na vumbi hilo ndilo shamba la mtu. Udongo ulioachwa uchi hupeperuka kabla ya mvua za Novemba. Penye matuta ya fanya juu, nyasi na miti ya mukau, upepo hupungua nguvu. Twajua mbuzi naye ataka mabua. Basi tumgawie nusu. Nusu ibaki shambani, iufunike udongo.