Kuinama Kabla ya Kuinuka

Msomaji, huenda umepata kuona picha ya mcheza baleti akizunguka juu ya mguu mmoja, ukadhani kuwa jambo hilo ni jepesi kama mzunguko wa pia. Mimi nami nilidhani hivyo mpaka nilipojaribu.

Nilianza kujifunza baleti mjini Nairobi nikiwa mtu mzima na mwalimu wa shule, katika darasa la jioni. Mwaka mzima tulishika ufito wa mbao uliopigiliwa ukutani, tukakunja magoti na kuyanyoosha, tukapeleka mguu mbele na kuurudisha. Kazi hiyo hata mabingwa huirudia kila siku, mimi niliichoka. Nilitamani fuete, mzunguko ambao mguu mmoja hupiga hewa kama mjeledi na kumzungusha mchezaji tena na tena. Nilikuwa nimesoma habari za Pierina Legnani, Mwitalia aliyezunguka hivyo mara 32 mfululizo katika Ziwa la Bata Maji, mjini St Petersburg, mwaka wa 1895.

Jioni moja, kabla ya mwalimu kufika, nilijaribu peke yangu. Mzunguko wa kwanza ulikuja. Wa pili uliniangusha. Kifundo cha mguu kiliteguka, na kwa majuma sita nilifundisha nimeketi.

Nilipopona, mwalimu wangu hakunikemea. Alinirudisha ukutani akanionyesha hatua za mzunguko, moja moja. Kwanza magoti hukunjwa, maana nguvu ya kupanda hutoka sakafuni. Kisha mguu wa kusimamia hunyooka na kisigino huinuka. Mguu wa pili huletwa gotini na mikono hukusanywa mbele ya kifua, kwa kuwa mwili uliokusanyika huzunguka upesi kuliko uliotawanyika. Macho nayo huchagua kitu kimoja. Kiwiliwili hutangulia kugeuka na kichwa husalia, halafu kichwa hugeuka ghafula na kufika kwanza. Ndivyo kizunguzungu kinavyopunguzwa.

"Katika fuete," akasema, "baina ya mzunguko na mzunguko goti hukunjwa tena na kisigino hurudi chini. Wewe ulikataa kushuka."

Maneno hayo yalinichoma. Nilimkumbuka mwanafunzi wangu mmoja ambaye, tulipokuwa tukifanya hesabu ngumu, aliniomba nimweleze tena visehemu. Nilimjibu mbele ya wenzake kwamba hayo ni mambo ya watoto wadogo. Darasa lilicheka, naye hakuniuliza swali tena mpaka alipomaliza shule. Katika chuo cha ualimu nilikuwa nimefundishwa kumwongoza mwanafunzi kutoka alijualo hadi asilolijua. Nililiandika daftarini, nikalisahau kazini. Ilinibidi nianguke ndipo nilielewe.

Sasa mtoto akitaka kurudi nyuma, tunarudi pamoja, wala hapana anayechekwa. Mimi mwenyewe nazunguka mara mbili tu, na ya tatu ningali naitafuta.

Basi, msomaji, ukikwama katika somo gumu, usione haya kulirudia lile jepesi lililo chini yake. Wazee walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nami nimejifunza kwa maumivu ya mguu wangu kwamba mtaka cha juu naye sharti ainame kwanza.