Herufi Ukutani Lavington

Mvua ilikuwa imekatika tulipoifuata Barabara ya James Gichuru, mimi na binti yangu, kwenda Circle Art Gallery, ambayo wakati ule ilikuwa bado katika barabara hiyo. Mtu wa Mombasa hupata taabu kuizoea Lavington: kuta ndefu, miti mirefu, malango yaliyofungwa, wala humsikii jirani akikuna nazi. Lakini ndani, ghafla, nikajiona mwenyeji. Ukutani palikuwa na picha ya msanii wa Sudan iliyojaa herufi za Kiarabu.

Nikasogea nisome. Hazikusomeka. Alifu imerefuka kama mtu aliyesimama. Nuni imekuwa bakuli lisilo na nukta. Nikaingiwa na wasiwasi. Marhumu nyanya yangu hakuridhia karatasi yenye herufi hizo iguse sakafu, hata ikiwa risiti ya duka. Je, ni adabu kuzichezea?

Miongoni mwa walioifungua njia hii ni Ibrahim El-Salahi, aliyezaliwa Omdurman mwaka 1930, mtoto wa mwalimu wa chuo cha Qur'ani. Aliporudi kutoka masomoni London mwaka 1957 alionyesha picha zake Khartoum, watu wakazipa kisogo. Akatia herufi ndogo pembeni mwa picha. Watu wakaanza kusogea. Kisha akazipasua herufi zenyewe, na ndani yake akaona sura za watu, wanyama na mimea.

Kwetu pia maneno ni pambo. Kanga ina pindo, mji na jina, na majina ya kanga za kale yaliandikwa kwa herufi hizo hizo. Ila jina la kanga husomeka, na aliyekusudiwa hulipata barabara!

Nikataka kumweleza hayo binti yangu. Akanitangulia: "Mama, ule waraka wa nyanya unasemaje?"

Waraka huo, Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, ameutia fremu sebuleni kwake kwa uzuri wa mwandiko. Qur'ani anaisoma vizuri. Waraka hakupata kuusoma hata siku moja.

Tuliporudi tukauteremsha. Nilisoma polepole, maana hati ile haitofautishi *e* na *i*, wala *o* na *u*. Baada ya salamu ndefu, nyanya alikuwa akidai shilingi ishirini za mikeka.

Binti yangu alicheka hadi machozi. Kisha akachukua kalamu, akaniomba nianze tena tangu salamu.