Kiasi

Neno kiasi lina kazi mbili katika lugha yetu. Sokoni huulizia bei na kipimo. Kanisani ni jina la tunda la mwisho kati ya yale tisa ya Roho ambayo Mtume Paulo aliwaandikia Wagalatia. Kwa muda mrefu nilidhani kuwa maana hizo hazina undugu. Undugu huo niliujua Silanga, katika Kibera, penye foleni ya maji.

Silanga, kwa lugha ya Wakamba, ni bwawa. Kijiji kimelala karibu na Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 ili kuwapa watu maji. Lakini kwa miaka mingi magugu na taka zimelisonga, wala maji yake hayanyweki. Basi mtu huishi kando ya bwawa, naye hununua maji kwa mtungi wa lita 20.

Mwaka mmoja wa ukame mabomba yalikauka siku tatu. Maji yaliporudi, nilisali nyumbani, nikashika foleni tangu alfajiri. Zamu yangu ilipokaribia, mama mmoja mzee alipenya mbele yangu, akakinga maji pasipo salamu. Moyo ulinipanda kama maziwa motoni. Mtungi wake ulipojaa niliupiga teke. Ukapinduka, maji yakaenda matopeni. Watu wote wakanyamaza. Yule mama hakunitukana. Aliuinua mtungi, akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, zamu hii niliishika tangu usiku. Nilikwenda kumtazama mgonjwa." Jirani akashuhudia kuwa ni kweli.

Nilimjazia mtungi kwa fedha yangu, nikambebea mpaka mlangoni. Msomaji asiuite huo wema, lilikuwa deni.

Njiani nilijihoji. Mimi sinywi pombe, na kwa sababu hiyo nilijihesabu kuwa mtu wa kiasi, kana kwamba ulevi hauna chombo kingine ila chupa! Paulo alipozungumza na liwali Feliki, alitaja kiasi pamoja na haki, na sasa niliona sababu: asiyeipimia hasira yake humwaga kilicho cha mwenzake. Feliki aliingiwa na hofu, akamwambia Paulo aende zake, atamwita akipata nafasi. Mimi pia nilikuwa nikingojea nafasi, miaka mingi.

Siku hizi, hasira inapopanda, hujiuliza kama mnunuzi: kiasi gani? Jambo hili lastahili hasira ya mtungi, au ya kikombe? Mara nyingi jibu huwahi. Mara nyingine hunikuta nimekwisha kusema neno baya, nikalazimika kurudi kuomba radhi.

Yule mama alinisamehe. Tukikutana bombani huniita mwanangu, akaniuliza habari za nyumbani. Na huku akiongea, huuvuta mtungi wake mbali kidogo na mguu wangu.