Kihoto ya Naivasha na Kapteni Aliyeuawa Usiku

Wasomaji wetu, mara hii tumekwenda mbali na upepo wa bahari. Tulialikwa na ndugu zetu Waislamu wa Naivasha, tukateremka Bonde la Ufa kwa njia ya Mai Mahiu. Chini ya mteremko, kando ya barabara, lipo kanisa dogo la mawe lililojengwa mwaka 1942 na mateka wa Kitaliani, ambao ndio walioichonga barabara ile mlimani. Abiria wengi hulipita wakiwa wamelala. Sisi lilitukumbusha kuwa nchi hii ya bara nayo ilikuwa na vita vyake, na kwamba kilomita chache mbele yetu alikuwa ameishi afisa mmoja wa jeshi la Kiingereza ambaye kifo chake hakijapata jawabu mpaka leo.

Kihoto ni mtaa ulio ukingoni mwa Ziwa Naivasha. Miaka ya karibuni ziwa limefura likaingia majumbani, familia nyingi zikahama, na mashua zikapita palipokuwa vichochoro. Mama aliyetukaribisha alituonyesha alama ya maji ukutani, imefika kifuani mwa mtu mzima. "Hapa ndipo palipokuwa jiko langu, sheikh," alisema, kisha akacheka kidogo, kwani viboko nao walikuwa wakija hadi mlangoni. Tulimuuliza maana ya jina la mtaa. Akatwambia kuwa kwa Kikikuyu kihoto ni haki. Ni hoja ya kweli ambayo ikishasemwa, mwenye kubisha hunyamaza. Neno hilo tulikaa nalo siku nzima.

Siku ya pili tulizunguka ziwa kwa upande wa kusini. Njia nzima ni mashamba ya maua, nyumba za plastiki safu kwa safu, na kina mama wakitoka zamu wakiwa na vitambaa vichwani. Huko ndiko iliko Oserian, jina la Kimaasai ambalo watu hulieleza kuwa ni mahali pa amani. Miaka ya 1920 Mzungu aitwaye Ramsay-Hill alijenga pale jumba jeupe lenye kuba na mnara, kwa kuiga majengo ya Waislamu wa Maghribi. Walowezi wenzake wakaliita Kasri la Majini. Hapa tulisita kidogo. Umbo walilolichukua ni lile ambalo kwetu huinuliwa kwa ajili ya adhana. Jina walilolipa ni la viumbe ambao mama zetu hutufundisha tuombe kinga nao.

Aliyekuja kuwa bwana wa kasri hilo ni Josslyn Hay, aliyezaliwa London mwaka 1901 na kurithi ulodi wa Erroll mwaka 1928. Alifika Kenya mwaka 1924 na mkewe wa kwanza, wakakaa bonde la Wanjohi, ambako genge la walowezi matajiri liliishi kwa ulevi na kubadilishana wenza, hata sehemu ile ikaitwa Bonde la Furaha. Mke huyo akaachana naye, naye akamwoa Molly, aliyekuwa mke wa yule yule Ramsay-Hill. Na jumba likaja pamoja na bibi. Molly alifariki mwaka 1939. Hatutazidisha hapa, maana gazeti hili husomwa mbele ya watoto.

Mtu huyu hakuwa mjinga. Alikuwa hodari wa kusema na kupanga mambo, na mwaka 1939 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria kwa kiti cha Kiambu. Mwaka 1934 alijiunga na chama cha Mafashisti wa Uingereza. Miaka sita baadaye alikuwa Kapteni katika Kenya Regiment, kikosi cha walowezi, na Katibu wa Kijeshi wa Afrika Mashariki, akitumikia jeshi lililokuwa likijiandaa kupigana na Mafashisti wa Italia. Dunia ina mizunguko yake.

Mwishoni mwa 1940 aliwasili Nairobi Sir Jock Delves Broughton na mkewe kijana, Diana, ambaye walikuwa wametoka kuoana. Kapteni akamtamani mke wa mtu, na hakuficha. Alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941, kiasi cha saa tisa za usiku, wafanyakazi wawili Waafrika waliokuwa wakipeleka maziwa kwa lori waliona gari limetoka barabarani karibu na njia panda ya Karen, taa zake zinawaka. Ndani yake alikuwamo Kapteni, amepigwa risasi ya kichwa. Umri wake ulikuwa miaka 39.

Sasa tutazame kalenda. Februari, askari wetu wa King's African Rifles walivuka mpaka kuingia Somalia ya Wataliani, na tarehe 14 Kismayu ikatekwa. Tarehe 6 Aprili, Addis Ababa. Vijana wengi walianguka njiani, wakazikwa palipopatikana udongo laini. Nairobi mazungumzo yalikuwa ya Lodi Erroll. Machi Broughton alikamatwa. Mei kesi ikaanza, mbele ya jopo la raia, Wazungu watupu. Na tarehe 1 Julai akaachiliwa huru. Bastola haikuonekana. Mwaka uliofuata naye akafa huko Uingereza. Diana aliolewa tena mwaka 1943, na mume huyo akamnunulia lile lile Kasri la Majini.

Kuhusu kifo hiki kimoja vimeandikwa vitabu, kikiwamo cha James Fox cha mwaka 1982, kikafuatwa na filamu. Hatumkatalii marehemu haki yake. Nafsi iliyouawa ni nafsi iliyouawa, hata mwenyewe akiwa ameishi vipi, na aliyefyatua risasi ile alikwenda kaburini akiwa na deni. Lakini sisi wa Mombasa tunapita kila siku mbele ya sanamu za askari pale Barabara ya Jomo Kenyatta, ukumbusho wa vita vya kabla ya hivi, na wale wa shaba hawana majina. Wachukuzi wa vita vile wametuachia majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, ambayo hata si majina yao bali ni ya kikosi. Kapteni amelala uwanja wa kanisa huko Kiambu, kando ya Molly, na mahali pake panajulikana.

Tulirudi Kihoto jua likizama, mafunjo yamekuwa meusi ukingoni. Mama yule akatuandalia chai, akataka habari yote, tukamsimulia. Tulidhani atauliza nani aliyeua.

"Na wale wawili wa lori la maziwa," alisema, "waliitwa nani?"

Tulikuwa tumesoma mengi kabla ya kuja, na jibu hilo hatukuwa nalo. Akamimina chai.