Kahawa yetu ina alama ngapi?

Nilipotea kidogo, msuli ulibana. Hapa SUA watu wako vimbwetani na desa la kupima ubora wa chakula kwa kuonja, na swali ni lile lile: hivi kuonja nako ni sayansi?

Sisi wa Karagwe na Kyerwa hatuulizi hivyo. Rubisi ikiiva, mzee anaangalia rangi, ananusa, anapiga funda moja, anatoa hukumu: imekolea, au bado ni juisi ya ndizi tu. Fomu hana, lakini ulimi anao.

Sasa njooni kwenye kahawa, iliyotusomesha wengi wetu. Robusta nayo ina mtihani wake wa alama 100. Utaratibu wake ulikamilishwa mwaka 2010 na Coffee Quality Institute ya Marekani pamoja na wataalamu wa Uganda. Unaweka gramu 8.75 za kahawa iliyosagwa, unamimina mililita 150 za maji ya moto, vikombe vitano kwa kila sampuli. Baada ya dakika nne unavunja utando ulioelea juu na kunusa. Ikipoa kidogo, unaivuta kwa kijiko, tena kwa kelele! Unapima harufu, ladha, uchungu dhidi ya utamu, kile kinachobaki mdomoni. Kwa nini vitano? Punje chache zenye ukungu zinaweza kuharibu kikombe kimoja, na hapo alama zinakatwa. Ukipata 80 kwenda juu, hiyo ni Robusta ya daraja la juu.

Kinachoniuma ni hiki. Mkulima anauza maganda kwa kilo. Aliyechuma nyekundu na kuanika kwenye kichanja anaweza kulipwa sawa na aliyekwanyua mbichi na kuanika vumbini. Butura ndiyo mbaya zaidi: kahawa imeuzwa ikiwa bado maua, nani atahangaika na ladha?

Mgeni tunampa punje za kutafuna, lakini alama za kahawa yetu anazijua mnunuzi peke yake. Mimi naona kila AMCOS iliyo chini ya KDCU iwe na kinu, vikombe na vijana wa kuonja. Ukijua una 82, hubembelezi bei.

Wa Nkwenda, Kaisho, Kayanga, semeni: nyumbani mmewahi kuinywa ya shambani kwenu?