Shu za sukre juu ya mbabula

Mji wetu wa Lubumbashi uko juu, karibu metre 1.200, na mwezi wa 6 na wa 7 hewa inakauka sana. Ndio wakati wa kupika shu, ule mkate mdogo wenye tumbo tupu. Wakati wa mvua ganda linalegea mbele ya jioni.

Kuran ikikatika, mbabula inatosha. Chemsha maji ml 250 na margarini g 100, mwanga unga wa ngano g 150 mara moja, koroga hata uachane na sufuria. Ukipoa kidogo, tia mayai 4, moja moja. Panga matone ndani ya sufuria nzito yenye kupashwa moto. Makala kidogo chini, mengi juu ya kifuniko. Dakika 25 usifunue hata kidogo! Mvuke ndio unainua shu. Ukitoroka zinaanguka, na mayai ni bei.

Sukre ya machungwa, nusu litre, ichemke hata ibaki nusu yake. Maziwa hapana: ukali wake unayakata. Ifungishe na maizena vijiko 2 na viini 2. Povu litakuwa limekwisha, watoto watalalamika, lakini ladha iko. Jaza saa ya kula tu.