Resho Si Mbabula

Mwezi huu sikuleti mahubiri. Nataka tuingie jikoni, wewe na mimi, tutazame ile resho ya umeme iliyo juu ya kibao karibu na ukuta. Kama kwako umeme haujafika, usifunge gazeti. Pengine kesho utahamia mji mwingine kwa ajili ya kazi, na utaikuta huko inakungoja.

Sisi watu wa migodi ya Katanga tulizoea resho mbele ya watu wengi wa inchi hii. Maji ya mto Lufira yalianza kutoa umeme pale Mwadingusha mwaka 1930, kwa ajili ya viwanda vya shaba. Kiisha zikafuata Koni, Nzilo na Nseke, na mwaka 1982 waya kubwa kutoka Inga ikafika Kolwezi, safari ya kilometa karibu 1.700. Viwanda vikala umeme, na makambi ya watumishi yakapata makombo yake. Hivyo mama wengi walijifunza kupika bukari kwa kuzungusha kifungo, na mbabula ikabaki inje kwa kuchoma nyama. Lakini tangu umeme ulipoanza kukatika-katika, mama analazimika kuwa na vyote viwili, na mkono unachanganya desturi. Tunaitendea resho kama mbabula. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo, na nitakueleza ilivyokuwa.

Wakati ule tulikaa katika kambi moja hapa Likasi. Resho yetu ilikuwa ya namna ile ya zamani: waya nyembamba iliyokunjwa kama mkia wa nguruwe, imelala ndani ya mifereji ya udongo mweupe, bila kifuniko. Waya ile inaitwa rezistansi. Siku moja ikakatika. Mama akaniambia tuite fundi. Nikajibu, "Fundi ya nini? Atakula franka zetu bule." Nikachomoa resho, nikavuta zile ncha mbili, nikakata sehemu iliyoungua, nikazikunja pamoja kwa koleo. Nikachomeka. Ikawaka! Tena ikawa nyekundu kuliko mbele, na maji ya chai yakachemka upesi. Nilijisifu mbele ya watoto kama mtu aliyejenga kiwanda.

Baada ya majuma mawili hivi, nilirudi kutoka kutazama mgonjwa, nikakuta nyumba inanuka plastiki. Ukuta juu ya prizi ulikuwa mweusi. Mama alikuwa amekaa pa kiti kidogo, mkono umefungwa na kitambaa. Alisikia harufu, akataka kuchomoa fishi, na plastiki iliyoyeyuka ikamshika vidole viwili. Watoto walikuwa wamempaka dawa ya meno. (Usifanye hivyo, msomaji. Mahali palipoungua panataka maji safi ya baridi yanayopita juu yake kwa dakika makumi mbili, si dawa ya meno wala mafuta.)

Na mimi nilifanya nini? Nilianza kusema kwa sauti. "Kila siku unaacha resho inawaka bule! Siku moja utatuchomea nyumba!" Watoto wote walisikia. Mama hakubishana. Alisema tu, "Baba, sikuiacha bule. Nilikuwa pale pale."

Jioni akaja mzee mmoja wa kanisa, pansione, aliyetumika miaka mingi kama fundi wa umeme katika kiwanda. Alikuja kwa pole, lakini macho yake yakaenda kwanza kwa prizi, kiisha kwa resho. Akaigeuza, akaona kazi yangu ya koleo.

"Pasta, nani alifunga hii?"

"Ni mimi, Baba."

Akatikisa kichwa. Akanieleza pole pole, kama vile mtu anavyofundisha katekismo. Rezistansi ndiyo inayozuia umeme usipite wote kwa mara moja. Ukiifupisha, umeme mwingi zaidi unapita. Resho ya wati 1000 kwa volti 220 inakula karibu ampere 4 na nusu. Resho ya plaki mbili, wati 1500 kila moja, inafika karibu 14, na hiyo tayari ni mzigo mzito kwa prizi nyingi za nyumba zetu. Mimi nilikata mizunguko kadhaa, nikaongeza mzigo bila kujua. Ndiyo sababu ilikuwa nyekundu kuliko mbele. Nilidhani ni afya, kumbe ni homa.

Lakini mzee hakuishia hapo. Akamgeukia mama. "Mama Pasta, hii fishi ilikuwa inacheza mu prizi?"

"Iko inacheza tangu zamani, Baba. Nilimwambia Pasta."

Ni kweli. Aliniambia mara mbili, nami nikaingiza kipande cha karatasi kilichokunjwa ili fishi ikaze. Karatasi, msomaji! Mzee akasema: mahali ambapo chuma kinagusa chuma kidogo tu, umeme unapita kwa taabu, na taabu hiyo inageuka kuwa joto. Chuma kikipata joto kinalegea zaidi, na kikilegea joto linaongezeka. Prizi haikuchomwa na uvivu wa mama. Ilichomwa na fishi inayocheza, pamoja na rezistansi niliyoifupisha mimi.

Watoto walikuwa bado pale. Niliwaambia, "Mama yenu hana kosa. Kosa ni langu, na maneno niliyosema asubuhi yalikuwa ya bure." Ilikuwa vigumu kuliko mahubiri ya Pasaka.

Kwa hiyo nikuambie yale niliyoyapata kwa yule mzee, maana alirudi mara nyingi, nami nikawa mwanafunzi wake.

Resho ikikataa kuwaka, usianze kuifungua. Chomeka kwanza lampa ao redio mu prizi ile ile. Ikikataa nayo, ugonjwa si wa resho. Lampa ikiwaka, chomoa resho na tazama kamba yake, zaidi sana pale inapoingia ndani ya fishi na pale inapoingia ndani ya resho. Hapo inakunjwa kila siku, na nyuzi za shaba zinakatika ndani huku ngozi ya inje ingali nzima. Tazama pia visi zinazoshika waya: joto na baridi ya kila siku vinazilegeza. Nyumbani kwetu sasa tunazikaza kila miezi michache, resho ikiwa imechomolewa na imepoa. Kama rezistansi yenyewe imekatika, nunua nyingine ya wati zile zile. Kuikunja kwa koleo si matengenezo, ni deni.

Jambo lingine linaloleta ugomvi katika nyumba nyingi: resho inawaka, lakini maharagi hayaivi. Bwana anarudi na njaa, anasema mama alichelewa kuanza. Sikiliza vizuri, baba. Saa za jioni kila nyumba inapika, na nguvu ya umeme inashuka. Volti zikishuka kutoka 220 hadi 160, utafikiri joto limepungua kwa robo tu. Hapana. Limepungua karibu nusu, kwa sababu volti zikishuka, ampere nazo zinashuka pamoja nazo. Zikifika 110, unabaki na robo ya joto. Mama anapigana na maharagi kwa nusu ya moto, na wewe unampigia kelele! Afazali muyaloweke tangu asubuhi, na kuyapika saa umeme ungali na nguvu. Wengine wanafupisha rezistansi makusudi ili wapate joto jioni. Lakini usiku, watu wakiisha kulala, volti zinapanda tena, na resho ile inawaka kama jua hata inakatika, ao inachoma prizi kama yangu.

Na sasa ile tofauti kubwa. Mbabula ikizimika, imezimika. Resho ikizimika kwa sababu ya delestaji, haikuzimika, inangoja. Mama anaacha sufuria juu, anaenda kuwasha makala, usiku wote wanalala, na saa nane umeme unarudi. Sufuria tupu inayeyuka, ao nguo iliyoanikwa karibu inashika moto. Umeme ukienda tu, chomoa fishi. Usiseme utakumbuka. Sisi tulifundisha hata mtoto wa miaka saba kusema kwa sauti, "Resho imechomolewa!" na wengine wanaitikia.

Resho ya waya wazi ina hatari yake nyingine: waya ile nyekundu ni umeme mtupu. Sufuria ya aluminiyamu ikiigusa, umeme unapanda hata kwenye kijiko cha chuma. Vaa viatu, sakafu iwe kavu, koroga kwa mwiko wa mti. Usiamini kifungo pekee, maana vifungo vingi vinakata waya moja tu, na kama ni ile isiyo na umeme, rezistansi inabaki hai hata ikiwa nyeusi na baridi. Chomoa, kiisha safisha. Kama una uwezo, nunua yenye plaki ya chuma iliyofunikwa. Hiyo nayo ina masharti: usiimwagie maji ikiwa na moto, itapasuka, ikipoa pangusa na kitambaa chenye unyevu kidogo, ukaushe, upake mafuta kidogo sana ili kutu isiishike. Maji ya chumvi yakimwagika usiyaache hata kesho. Na sufuria iwe na kitako kilichonyooka, ama utapasha hewa.

Kuhusu kamba: ile nyembamba ya redio si ya resho. Yule mzee alikubali milimeta 1,5 za mraba ao zaidi, yenye waya tatu, na ile ya kijani na njano iungwe kwenye mwili wa resho, na prizi iwe na waya wa udongo wa kweli. Na fizibli ikikatika, msumari si fizibli.

Mzee alikwisha kufa. Turnevisi yake aliachia mama, si mimi, na sikumwuliza sababu. Iko imening'inia jikoni na uzi mwekundu. Kila jioni, akiisha kupika, mama anachomoa fishi, kiisha anaweka mgongo wa mkono karibu na prizi, asikie kama kuna joto. Vidole viwili vina alama mpaka leo. Siku akisema, "Baba, hii inacheza kidogo," mimi sitafuti tena karatasi. Ninaenda sokoni kununua prizi.